Sakafu ndo iliyochanganya: kisa cha jikoni Burlington, 2019

Alhamisi ya tarehe 7 Novemba 2019, jioni kwenye saa kumi na moja na nusu hivi, zimamoto wa Burlington, mji ulioko kaskazini kidogo ya Boston kwenye jimbo la Massachusetts, waliitwa kwenye mgahawa wa Buffalo Wild Wings maana kuna watu humo walikuwa wanashindwa kupumua. Ni ile mida wateja wa jioni wanaanza kuingia, watu wamekuja kula mabawa ya kuku na kuangalia mechi, huku nyuma jikoni dawa ya kusafishia imeshaanza kuumiza watu. Meneja mkuu wa mgahawa, mwanaume wa miaka 32, alikimbizwa hospitali na akafariki. Wengine zaidi ya kumi, wafanyakazi na wateja, walienda kutibiwa kwa sababu ya macho kuwasha na kifua kubana.

Mwanzoni habari zilitaja dawa moja tu, inaitwa Super 8, na kitu kikuu ndani yake ni sodiamu haipokloraiti, yaani jamii ileile ya jiki tunayoijua. Watu wengi wakashangaa, jiki inamuuaje mtu mzima ndani ya muda mfupi hivo? Kesho yake mkuu wa zimamoto akaeleza walichokikuta kwenye uchunguzi wa awali na hapo ndo mambo yakaeleweka. Kulikuwa na dawa mbili. Mfanyakazi mmoja alikuwa amemwaga kwa bahati mbaya dawa nyingine, Scale Kleen, kwenye sakafu ya jikoni, na hiyo ni asidi, ya kuondolea ule ukoko mweupe wa chokaa unaoganda kwenye mashine. Baadaye mfanyakazi mwingine akaja kusafisha sakafu akatumia Super 8. Ikageuka rangi ya kijani, ikaanza kutoa mapovu. Aliyekuwa anasafisha akajisikia vibaya akatoka nje. Meneja yeye akaingia, akachukua fagio la mpira la kusukumia maji, akaanza kuisukuma ile kitu itoke nje ya jengo, na hapo ndo mvuke ukamzidi.

Kisa chenyewe ni hicho, kifupi, hakina mtu mbaya ndani yake. Mimi nakirudia sana kwa vijana wa sehemu ya vyombo kwa sababu moja, kwamba hakuna mtu aliyechanganya kemikali pale. Soma tena mfuatano wake. Wa kwanza alimwaga, kitu ambacho kwenye jiko la biashara kinatokea kila wiki. Wa pili alipiga deki, ndo kazi yake. Sakafu ndo iliyochanganya. Sasa yale mabango tunayobandika ukutani, USICHANGANYE DAWA, na mafuvu juu, yangesaidia nini hapo? Kijana wa pili angelisoma lile bango vizuri kabisa, akatikisa kichwa kukubali, akachukua dawa yake moja tu, akamimina, na gesi ingetoka vilevile.

Kemia yake kwa kifupi maana bila hiyo mengine hayaeleweki. Jiki na ndugu zake zinakaa salama kwenye chupa kwa sababu mtengenezaji ameziweka upande wa ukali wa magadi, mbali kabisa na asidi, ndo maana ukiigusa mkononi inateleza kama sabuni. Ukiiletea asidi, ile klorini iliyokuwa imetulia kwenye maji inafunguka inatoka kama gesi. Asidi yoyote, sio lazima ile ya kutisha, siki ni asidi, limao ni asidi, dawa nyingi za choo ni asidi, na dawa nyingi za kuondoa chokaa ni asidi, ndo zinavofanya kazi. Afu dawa za mahotelini huwa kali kuliko zile za dukani kwa sababu zimetengenezwa uzichanganye na maji mengi kwanza, kwahiyo zikikutana zikiwa mbichi sakafuni mambo yanakuwa makubwa haraka.

Gesi ya klorini ina rangi ya kijani iliyoelekea njano, na ni nzito kama mara mbili na nusu ya hewa. Huu uzito ushikilie maana una kazi kwenye kisa hiki. Ikitoka haipandi juu kwenye feni ya kutolea moshi, inalala chini, inatambaa, inaingia kwenye mashimo ya maji machafu na chini ya meza. Ukiivuta inakutana na unyevu wa pua, koo na mapafu inatengeneza asidi hukohuko ndani. Viwango vyake ni vidogo mno, sheria ya usalama kazini ya Marekani inasema mfanyakazi asizidishe sehemu 1 kwa milioni ya hewa hata kwa dakika moja, na taasisi yao ya utafiti wa afya kazini imeweka sehemu 10 kwa milioni kama kiwango cha hatari ya maisha papo hapo. Ni gesi hiihii Wajerumani waliifungulia kwenye mitaro ya wanajeshi kule Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915 kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, kwahiyo mtu asikwambie "ni harufu tu ya jiki".

Haya, turudi kwa meneja na fagio lake. Watu wakisikia hii habari wanasema alikuwa shujaa, na kweli alikuwa anahangaikia watu wake na wateja wake, mimi simlaumu hata kidogo, kiongozi mzuri wa jiko ndo anavofanya, kitu kikimwagika haagizi mtu, anashika fagio mwenyewe. Lakini angalia kile kitendo chenyewe kinakuweka wapi. Unasimama juu ya dimbwi, umeinama, pua imeelekea chini ambako gesi imelala. Kila ukisukuma unakoroga, asidi ambayo ilikuwa haijakutana na klorini inakutana sasa. Unalitandaza dimbwi likawa pana zaidi, na likiwa pana linatoa gesi zaidi. Na kazi ya kusukuma maji ni ya nguvu, unahema, unavuta hewa nyingi. Yaani ungekaa ukafikiria namna mbaya kuliko zote ya kushughulika na dimbwi la namna hiyo ungefika hapohapo kwenye fagio la mpira, na bado ndo kitu cha kwanza ambacho mikono ya mtu wa jikoni itakimbilia, kwa sababu tumefundishwa tangu siku ya kwanza kwamba kilichomwagika kinafutwa sasa hivi kabla mtu hajateleza.

Hapa kuna mtu atasema angevaa barakoa. Barakoa ya kitambaa, ya hospitali, hata zile nzito za vumbi, hazizuii gesi, gesi inapita kama hamna kitu. Kinachozuia ni ile ya mpira yenye vichujio maalum, na kwa gesi nyingi usiyoijua kiwango chake zimamoto wanaingia na mtungi wa hewa mgongoni. Jiko lako halina hivyo vitu. Kwahiyo dimbwi likianza kupovuka, kulisafisha sio kazi ya mtu yeyote aliyeko ndani ya jengo, awe meneja, shefu au mwenye mali. Watu wote wanatoka, wateja pia hata kama hawajalipa bili, na mlango unafunguliwa tu kama uko njiani unapotokea.

Sasa ule upande wa kwanza, mtu wa kwanza na wa pili. Mimi naamini kisa kimelala hapa kuliko kwenye kemia. Kati ya kumwagika kwa Scale Kleen na kuanza kwa deki kulikuwa na muda, na kwenye huo muda kuna habari ilikuwepo kwenye kichwa cha mtu mmoja, kwamba pale chini kuna asidi, na mikononi mwa yule wa pili habari hiyo haikuwepo. Hakuna mtu anayemimina klorini juu ya asidi huku anajua.

Kuna kisa kingine cha miaka mitano kabla ambacho kinaonyesha kitu hichohicho vizuri mpaka kinatisha. Agosti 2014, South Jordan, jimbo la Utah, mgahawa wa Dickey's Barbecue Pit, mama wa miaka 67 alijimiminia chai ya baridi yenye sukari akanywa funda moja tu akaungua mdomo na koo vibaya, akalazwa. Ile chai ilikuwa na magadi makali, yale ya kutengenezea sabuni, yaliyokuwa kwenye unga wa kusafishia vikaangio vya mafuta. Unga ulikuwa mweupe, umefanana na sukari, mfanyakazi mmoja kwa kutojua akauingiza kwenye sukari. Lakini kilichoniacha hoi ni hiki, kwamba mwezi mmoja kabla, Julai, mfanyakazi mwingine alikuwa ameshachovya kidole kwenye hiyo sukari akaonja na akaungua ulimi. Yaani jiko lilishapewa taarifa, kwa ulimi wa mtu, na sukari ikabaki humo mpaka ikafika kwenye chai ya mteja. Mwendesha mashtaka wa kaunti alikuja akasema hatafungua kesi ya jinai, hakuona nia ya kumdhuru mtu.

Visa viwili, kemikali tofauti kabisa, ugonjwa mmoja. Mmoja anajua, mwenzake hajui.

Ndo maana kwangu mimi chumba cha kemikali hakianzi na mashelfu, kinaanza na daftari. Au ubao, au grupu la WhatsApp la shifti, vyovyote. Kitu kikimwagika kinasemwa kwa sauti hapohapo, jina la dawa na mahali, afu mtu mmoja anabaki pale amesimama mpaka pamemalizika. Kumalizika maana yake ni maji mengi, mengi kweli, sio tambara la mara moja, na lile tambara lenyewe halitupwi kwenye ndoo yoyote iliyo karibu kwa sababu ndoo iliyo karibu jikoni mara nyingi ina maji ya klorini ya kufutia meza, ukilitupa humo umetengeneza Burlington ndogo kwenye ndoo. Linasuuzwa peke yake. Afu kwenye makabidhiano ya shifti inaandikwa, "asidi imemwagika karibu na mashine ya vyombo, imesuuzwa, leo pale maji tu na sabuni". Sentensi moja inatosha. Supavaiza anayemkaripia kijana kwa kumwaga dawa, "unajua hiyo galoni bei gani", huyo ndo anatengeneza kijana wa kufunika na kunyamaza, na dimbwi lililonyamaziwa ndo baya.

Mashelfu sasa. Watu wengi wanapanga kwa ukubwa wa galoni au kwa nani anatumia, ya housikipa huku, ya jikoni kule. Panga kwa kile kinachogombana. Asidi zote, za chokaa, za choo, za kung'arishia chuma cha stenlesi, upande mmoja wa chumba chini, kila moja ndani ya trei ya plastiki yenye kingo ili ikivuja isitambae. Klorini, yaani jiki na ndugu zake, upande wa pili, trei yake, ikiwezekana ukuta au nafasi ya kutosha katikati, sio shelfu moja juu na nyingine chini yake maana ya juu ikivuja imeshafika. Amonia nayo mbali na klorini, ipo kwenye baadhi ya dawa za vioo, zikikutana inatoka gesi nyingine inayochoma kifua. Dawa za unga zinakaa juu ya zile za majimaji, kamwe majimaji juu ya unga. Hamna kitu kizito cha kuunguza juu ya usawa wa macho, mtu akinyoosha mkono kifuniko kikafunguka kinamwagikia usoni. Chumba kipitishe hewa na kisiwe cha joto, klorini ikikaa kwenye joto na mwanga inapoteza nguvu, hapo vijana wanaona haing'arishi wanaongeza mara mbili. Na kusiwe na chakula wala vyombo humo wala chini yake, kanuni za chakula za Marekani zinasema wazi kwamba sumu zisikae juu ya chakula au vyombo, na kwamba kila chupa ndogo unayomiminia iandikwe jina la kilichomo. Sababu ya hiyo ya pili ni akina South Jordan.

Kitu kimoja ambacho wakaguzi wengi hawakigusi ni mashine ya kuoshea vyombo. Zile za joto la chini zina bomba dogo linalovuta klorini lenyewe kutoka kwenye galoni kwa ajili ya kuua vijidudu. Siku ya kuiondolea chokaa, stiwadi anamimina asidi kwenye tangi anawasha mashine izunguke, na kama hajachomoa lile bomba la klorini, mashine yenyewe inachanganya, ndani ya boksi la moto, afu mlango unafunguliwa usoni mwake. Maelekezo ya watengenezaji huwa yanasema zima au toa klorini kwanza. Ni nani kwenye jiko lako anaondoa chokaa, na aliwahi kuonyeshwa hilo bomba? Ukiwa Mombasa au Dar ambako maji mengi ya kisima yana chumvichumvi hiyo kazi inakuja mara kwa mara, sio mara moja kwa mwaka.

Na hapa kwetu sio lazima uwe na mashine. Jiki na Harpic zinakaa pamoja kwenye kapu moja la usafi kwenye migahawa mingi kuliko inavyopaswa, ya kwanza ni klorini, ya pili kwa kawaida ni asidi kali ya chumvi, na kuna wale wanaoamini ukizimimina zote kwenye choo cha wateja uchafu unatoka vizuri zaidi. Afu dawa ya bei nafuu inayouzwa kwa lita kutoka kwenye pipa, inakuja kwenye chupa ya maji ya kunywa, hamna lebo, muuzaji anakwambia "hii ni dawa ya sakafu, kali sana". Kali kwa upande gani, asidi au magadi? Kama hajui, na wewe hujui, basi hiyo chupa haina pa kukaa kwenye chumba chako, kwasababu hujui jirani yake ni nani. Mimi ningelipa zaidi ninunue yenye lebo na karatasi yake ya usalama, ile yenye vipengele 16. Usihangaike kusoma vyote siku ya kwanza, soma cha 4 cha huduma ya kwanza, cha 6 cha ikimwagika, cha 7 cha kuhifadhi na cha 10 kinachosema inagombana na nini, afu kipengele cha 10 kiandike kwa Kiswahili kwa maka peni ubandike juu ya galoni. Ndugu zetu walioko kwenye majiko ya Dubai na Doha wanajua hii shida, lebo ni ya Kiarabu na Kiingereza, mnasomea rangi ya kifuniko, siku msambazaji akibadilisha rangi mmekwisha. Marekani sheria yao inataka mfanyakazi afundishwe kwa lugha anayoielewa, na mwajiri yeyote anayejielewa angefanya hivo hata bila sheria.

La mwisho ni waliovuta kidogo wakatoka. Huyu ndo anasahaulika kwa sababu anatembea, anaongea, anasema niko poa. Klorini inaweza kuchelewa, mtu anakohoa kidogo jioni, usiku mapafu yanaanza kujaa maji. Kwahiyo kila aliyekuwa kwenye ule mvuke akakohoa au kifua kikambana anaenda kuonwa na daktari, hata akigoma. Nguo zilizomwagikiwa zinavuliwa, macho yanasuuzwa kwa maji yanayotiririka kama dakika 15, na maziwa yaacheni kwenye friji, maziwa hayaingii kwenye mapafu. Hakuna dawa ya kuifuta klorini ikishaingia, hospitali watakupa oksijeni na dawa za kufungua njia ya hewa na watakuangalia masaa kadhaa, ndo matibabu yenyewe. Tanzania zimamoto ni 114, Kenya piga 999. Ukipiga sema ni kemikali, sema ziko ngapi, na kama kuna picha ya lebo kwenye simu ya mtu yeyote iende na mgonjwa. Ya dawa zote mbili.